Mtoto Amepona Saratani, Mzazi Je?

Watu wa Nakuru wanakijua kiwewe. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwaachia wakazi wa Molo, Kuresoi na Naivasha majeraha ambayo hayakupona nyumba zilipojengwa upya. Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipasuka Solai, likaua watu zaidi ya 40 usiku mmoja, na hakuna aliyeshangaa kusikia kwamba manusura wanahitaji washauri nasaha. Ila mzazi aliyekesha miaka miwili kando ya kitanda cha mtoto mwenye saratani huambiwa ajikaze, na mtoto akipona, huambiwa ashukuru Mungu asahau. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini una kasoro. Kiwewe cha mzazi huyu ni jeraha la kweli, huweza kudumu miaka mingi baada ya dawa kwisha, na kukitibu ni sehemu ya kumtibu mtoto mwenyewe.

Mwaka 1994, mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani ulitaja bayana kwamba kupata habari kuwa mwanao ana ugonjwa wa kutishia maisha ni tukio linaloweza kuzaa maradhi ya kiwewe. Toleo la 2013 lilibana masharti hayo, lakini dalili hazikuondoka kwa sababu maandishi yamebadilika. Mtafiti Anne Kazak na wenzake walichunguza familia 150 za Marekani zenye vijana waliokuwa wamemaliza matibabu ya saratani. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2004, karibu asilimia 30 ya akina mama walikuwa wamefikia kiwango cha maradhi ya kiwewe wakati fulani tangu mtoto agunduliwe, na kiasi cha asilimia 14 walikuwa bado nayo. Miongoni mwa akina baba, karibu mmoja kati ya kumi alikuwa bado nayo. Sababu haifichiki. Bwawa hupasuka mara moja, ilhali matibabu ya saratani ya damu kwa mtoto mara nyingi huchukua miaka miwili hadi mitatu, na kila awamu ina hofu yake. Sindano inapochomwa mgongoni, mara nyingi mzazi ndiye anayemshika mtoto asitikisike, huku mtoto akimlilia yeye yule amwokoe.

Kisha matibabu yanakwisha, familia inarudi nyumbani, na majirani wanaona mambo yameisha. Baridi ya Julai ikikaza Molo na Njoro, watoto wengi hupata homa na mafua, wakapewa dawa ya kushusha joto wakalala. Mzazi wa mtoto aliyewahi kuugua saratani halali. Anampapasa shingo akitafuta uvimbe, anamkagua miguu kama kuna alama za damu kuvilia, anampima joto tena na tena hadi kuche. Mwingine hufanya kinyume: hataki kusikia jina la hospitali, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu humrudisha wodini, na siku ya kliniki ikikaribia hupata udhuru. Kukwepa kinachokumbusha maumivu ni dalili kuu ya kiwewe, na hapa ndipo jeraha la mzazi linapomfikia mtoto. Saratani huweza kurudi, na dawa zenyewe huweza kudhuru moyo au kusikia baada ya muda. Kwa hiyo mtoto huhitaji kuendelea kuchunguzwa, na hajipeleki kliniki mwenyewe. Asiyeweza kuukanyaga ua wa hospitali ndiye huyo huyo tunayemtegemea amlete.

Wapo watakaosema kwamba shida ya mzazi wa Kenya ni fedha, mengine ni anasa. Hoja hii ina uzito. Kati ya watoto waliogunduliwa na saratani katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, kuanzia 2007 hadi 2009, zaidi ya nusu ya wale ambao matokeo yao yalijulikana waliacha matibabu, na umaskini ulikuwa chanzo kikubwa. Lakini wazazi waliohojiwa baadaye hawakutaja fedha peke yake. Walieleza pia jinsi ndugu na marafiki walivyowachukulia, na jinsi familia zilivyozuiliwa hospitalini hadi bili ilipwe. Kuzuiliwa na mtoto mgonjwa kwa sababu ya deni ni tatizo la fedha na ni kiwewe papo hapo. Bima ya afya ya umma ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 husaidia kulipia dawa hadi kikomo fulani, na kupandishwa kwa kikomo hicho kunafaa kuendelea kupiganiwa. Hata hivyo, bili ikilipwa yote, kumbukumbu hazifutiki.

Wengine watasema tuna imani, tuna ukoo, tuna harambee. Ni kweli, na wazazi wengi hurudi katika hali yao kwa nguvu hizo, bila daktari. Hakuna sababu ya kumwita kila mzazi mwenye huzuni mgonjwa. Lakini harambee huitishwa mtoto akiwa wodini, na kiwewe mara nyingi hujitokeza watu wakishatawanyika. Baba aliyefundishwa kwamba mwanamume halii ndiye anayesahaulika kwa urahisi zaidi.

Pingamizi la tatu ni kwamba madaktari wa akili ni wachache mno. Ni wachache kweli, ila huduma ya kwanza haiwahitaji. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, wahudumu wa afya ya jamii wa Nairobi waliofunzwa mbinu ya Shirika la Afya Duniani yenye vikao vitano tu waliwapunguzia mfadhaiko wanawake waliopitia ukatili. Kenya sasa ina wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo linalotakiwa linawezekana. Kila mtoto anapoletwa kliniki Nakuru au Eldoret, mzazi naye aulizwe: unalala? Mambo ya wodini yanakurudia? Kuna mahali unapopakwepa? Majibu yaandikwe katika faili la mtoto, na anayehitaji msaada aunganishwe na mhamasishaji wa mtaani kwake, au apewe rufaa ikiwa hali ni nzito. Maswali haya yaendelee kuulizwa miaka kadhaa baada ya dozi ya mwisho, kwa mama na kwa baba, na pia kwa waliofiwa, ambao hawana tena kliniki ya kuwarudisha kwa daktari. Tunapoihesabu kazi ya kuokoa mtoto, tumhesabu na anayemlea.