Mwili na Mashine: Ahadi ya Kuvuka Mipaka ya Binadamu

Transhumanizimu ni mkondo wa fikra unaoshikilia kwamba maradhi, uzee, ulemavu na hata udogo wa uwezo wa akili si majaaliwa ambayo binadamu hana budi kuyapokea, bali ni mipaka inayoweza kusogezwa kwa sayansi, na kwamba kuisogeza ni jambo la kheri. Jina hilo lilienezwa na mwanabiolojia Mwingereza Julian Huxley, Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO, katika insha yake ya mwaka 1957, na mwaka 1998 wanafalsafa Nick Bostrom na David Pearce wakaunda chama cha kimataifa cha kuutetea mkondo huo. Posthumanizimu, ambayo mara nyingi huchanganywa nao, ina hoja tofauti. Wanafikra wake, kama vile Donna Haraway katika ilani yake ya mwaka 1985 kuhusu kiumbe aliye nusu mtu nusu mashine, hawaulizi namna ya kumwongezea binadamu nguvu, bali wanaitilia shaka dhana yenyewe ya binadamu anayejitosheleza, aliyesimama peke yake juu ya wanyama, mashine na mazingira.

Ni hoja ipi kati ya hizo mbili iliyo karibu zaidi na ukweli, huonekana vyema katika historia ya vifaa ambavyo tayari vimo miilini mwa watu. Tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska nchini Sweden, daktari wa upasuaji Åke Senning alimpandikizia Arne Larsson, mwenye umri wa miaka 43, ambaye moyo wake ulikuwa ukisimama mara kwa mara kila siku, kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, kile ambacho wengi hukiita betri ya moyo. Mhandisi Rune Elmqvist, aliyekibuni, alizifunika sehemu zake za umeme kwa gundi inayoganda, akitumia kopo la dawa ya viatu aina ya Kiwi kama kalibu. Kifaa hicho kilizimika baada ya saa chache, kikawekwa kingine, na hadi Larsson alipofariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa maradhi yasiyohusiana na moyo, alikuwa amebadilishiwa vifaa zaidi ya 20 na alikuwa ameishi kuwapita daktari na mhandisi wake wote wawili. Kilichomweka hai, kwa hiyo, hakikuwa kifaa kimoja, bali mlolongo wa madaktari, mafundi na viwanda ambao kwa miaka 43 haukukatika.

Mlolongo wa aina hiyo ulipokatika, matokeo yake yalionekana kwa watumiaji wa Argus II, jicho la kielektroniki lililotengenezwa na kampuni ya Second Sight ya Marekani na kuidhinishwa barani Ulaya mwaka 2011, kisha Marekani mwaka 2013. Kamera ndogo iliyo kwenye miwani ilipeleka picha katika kompyuta inayovaliwa mwilini, nayo ikazigeuza kuwa ishara za umeme zilizofika kwenye elektrodi 60 zilizobandikwa juu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mtu aliyepofuka hakurudishiwa uoni wa kawaida, bali aliona vimulimuli ambavyo, kwa mazoezi, vilimwezesha kutambua fremu ya mlango au mtu anayepita mbele yake. Zaidi ya watu 350 duniani walipandikiziwa kifaa hicho kabla ya kampuni kusitisha uzalishaji wake mwaka 2019 na kuwapunguza wafanyakazi wake wengi mwaka uliofuata, na hapo wale ambao vifaa vyao viliharibika wakabaki na mtambo uliozimika ndani ya jicho, bila vipuri wala fundi.

Uhariri wa jeni, yaani kubadilisha maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, hauhitaji vipuri, lakini nao una masharti yake. Casgevy, tiba ya ugonjwa wa seli mundu iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023, hufanyika kwa kuchukua seli mama za damu za mgonjwa, kuzihariri maabara, kisha kumrudishia baada ya uloto wake kusafishwa kwa dawa kali, na bei yake nchini Marekani ni dola milioni 2.2. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huo, na kwa familia nyingi za huko bei hiyo ni sawa na kutokuwapo kwa tiba yenyewe.

Wapo wanaodhani kwamba inatosha kuruhusu tiba na kukataza nyongeza za uwezo, ingawa mpaka kati ya mambo hayo mawili si thabiti, kwa maana chanjo humpa mtu mzima wa afya kinga ambayo hakuzaliwa nayo, na hakuna anayeiita uasi dhidi ya maumbile. Tofauti iliyo wazi zaidi ni ile ya ridhaa. Mwanasayansi wa China He Jiankui, aliyetangaza mwaka 2018 kwamba alihariri viinitete ili watoto wazaliwe na kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI, alihukumiwa kifungo cha miaka 3 jela mwaka uliofuata kwa kufanya shughuli za tiba kinyume cha sheria, na mabadiliko aliyoyafanya yanaweza kurithiwa na vizazi ambavyo havikuulizwa.

Mifano hii yote inaipa nguvu zaidi hoja ya posthumanizimu kuliko ndoto ya transhumanizimu, kwa sababu kila anayevuka mpaka wa maumbile huingia katika utegemezi mpya wa fundi, kiwanda, programu na mkataba. Hilo si sababu ya kuzikataa teknolojia hizi, lakini ni sababu ya serikali na hospitali kuuliza mapema yale ambayo hata mnunuzi wa mashine ya kusaga nafaka huyauliza: vipuri vitapatikana wapi, nani ataitengeneza, na muuzaji akifunga duka, itakuwaje.