BAGAMOYO: MJI UNAOIJUA HATA RANGI YA SHATI

KILA nikienda Dar swali ni lile lile: "Hivi we dada, huko Bagamoyo mnaishije?" Anayeuliza anakuwa ameshafika mara moja, siku ya tamasha la Chuo cha Sanaa au wikiendi na mchumba wake. Kala samaki, kapiga picha Ngome Kongwe, jioni karudi zake Sinza. Anadhani tunalala makumbusho! Haya, leo nawapa zote.

Kwanza habari ya kujuana. Kutoka kwetu Mji Mkongwe hadi soko la samaki ni mwendo wa dakika kumi, lakini kama wewe ni binti uliyelelewa tenga nusu saa, maana shikamoo za njiani haziishi. Ukimruka mzee mmoja tu, kufika magharibi bibi yako ameshaulizwa kama mjukuu wake siku hizi anaringa.

Kuna siku kaka mmoja wa watu alininunulia soda pale stendi. Soda tu, msomaji wangu, tena tuliinywa tumesimama. Nafika nyumbani namkuta bibi barazani: "Haya mke mwenzangu, huyo wa shati la bluu ni mtoto wa nani?" Rangi ya shati anayo! Hapo ndipo watoto wa mjini mnaposhika vichwa, na mimi huwa nashika. Lakini bibi huyo huyo alipoteleza uani nikiwa Dar, wanawake watatu wa mtaa walikuwa wameshamwinua, wamempeleka hospitali na kumpikia uji kabla simu yangu haijalia. Sinza jirani yako anajua gari lako tu.

Sasa twende sokoni, maana mji huu bila soko ni magofu. Pwani yetu haina kina, maji yakipwa ufuo unakwenda mbali kweli. Mashua zinabaki huko huko na samaki wanaletwa kwa mabega, wabebaji wakiwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Wakifika wanamwagwa chini: changu, kolekole, taa, pweza bado anajikunja. Mnadi anaanza kupaza sauti. Haandiki popote na simjui aliyewahi kumbana kwa hesabu. Wamemzunguka wachuuzi wa pikipiki, wenye maboksi ya barafu wanaopeleka Dar, na akina mama wa kukaanga ambao mafuta yameshachemka hatua ishirini kutoka pale. Ukishangaa shangaa, samaki uliyemtaka unamkuta keshakatwa vipande, yuko kwenye karai.

Na bei haitegemei mfuko wako, inategemea mwezi. Mwezi wa angani, siyo wa mshahara! Usiku wa giza wavuvi wanawasha taa, dagaa wanafuata mwanga, wanakombwa. Mbalamwezi ikiwaka, taa inakuwa haina kazi na dagaa wanaadimika. Halafu ije kusi, tuseme toka Aprili hadi Septemba, bahari ichafuke, vyombo vidogo vilale mchangani. Ndiyo maana kwetu mtu akikwambia "nitakulipa giza likiingia" hakukimbii, anakupa tarehe kamili. Mwenye duka anaelewa na sukari anatoa.

Mambo ya historia mmeyasoma shuleni, sitawachosha. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilitoka Tabora na Ujiji ikaja kuishia hapa, wapagazi wakabwaga mizigo, na watumwa wakapitishwa kupelekwa Unguja. Wamisionari walijenga mwaka 1868. Mwili wa Livingstone ulilazwa kwenye kanisa lao Februari 1874, umebebwa na akina Susi na Chuma toka bara, kabla ya kuvushwa bahari. Wajerumani wakafanya makao yao makuu hapa, halafu 1891 wakahamia Dar es Salaam kwa vile meli kubwa zilishindwa kukaribia ufuo wetu. Kwa hiyo wewe unayejidai mtoto wa Dar, jua unajidai kwa sababu ya kina cha maji!

Bandari nayo tumeisubiri sana. Machi 2013 alipokuja Rais Xi Jinping wa China mkataba ukasainiwa, Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi pale Mbegani. Vijana wengi wakajiona tayari madereva wa winchi. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani masharti yale hayakubaliki, na 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe. Kijiweni kwetu mshikaji akichelewa kulipa deni tunamwita Bandari.

Linaloninyima usingizi mimi ni nyumba. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, mlango wa nakshi ambao watalii wanaupiga picha bila hata hodi. Kwenye kadi ya posta bomba kabisa, ila masika ikifika tunahamisha vitanda. Fundi mmoja alitupigia lipu ya saruji, tukamshukuru na chai juu. Kumbe saruji haipumui kama chokaa, unyevu unabaki ndani, na baada ya misimu miwili lipu ikabanduka na mawe yake. Na huwezi kuamka tu ukabomoa. Majengo ya kabla ya mwaka 1863 yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, bila kibali husogezi jiwe. Chokaa nayo na fundi anayeijua ni pesa, ambayo hatuna.

Sasa katokea mnunuzi, anataka kufanya hoteli. Babu alishafariki na warithi tuko kumi na wanne: wengine Unguja, wawili Muscat, mmoja hata choo kiko upande gani hajui. Kwa mirathi ya Kiislamu mjane mwenye watoto anapata thumuni, moja ya nane. Yaani bibi aliyefagia ua ule miaka hamsini na kitu ana sehemu moja, saba ni zetu! Fungu langu, lililopitia kwa marehemu baba, linatosha kodi ya fremu Kinondoni na mzigo wa kwanza wa nguo. Nimepiga hesabu hiyo usiku mara nyingi tu. Mchana nikimwona bibi anapepeta mchele barazani naikunja karatasi.

Ba'mdogo wa Unguja anasema tuuze kabla ukuta haujamwangukia mtu, na ukuta wa nyuma ukiuangalia huwezi kumbishia. Shangazi anasema tupangishe, anayepangisha atengeneze. Mimi niko upande wa shangazi, lakini mnunuzi kasema kupanga hataki.

Bibi hajatamka ndiyo wala siyo. Jumamosi mnunuzi anakuja na mtu wa kupima. Bibi kanituma nimtafutie pweza mzuri, mgeni ale ashibe. Kasema kikao kitakuwa barazani, yeye atakalia kiti chake pale pale mlangoni, na ndani hapimi mtu mpaka Muscat wapige simu.