Namba tasa na mwana wake

Wanafunzi wetu wa Rusizi hufika darasani na neno la Kifaransa ambalo maana yake ni "namba ya kwanza". Kiswahili sanifu husema namba tasa. Machungwa 7 katika soko la Kamembe hayapangiki mafungu yaliyo sawa, ila yakae yote pamoja au moja moja. Kwa kuwa haigawanyiki, 7 ikaitwa tasa, kama asiyezaa.

Jina linakumbukika upesi, ila mwalimu asilitegemee mno. Chukua 2 kwa kipeo cha 3, toa 1: unapata 7. Zidisha 7 hiyo kwa 4, unapata 28. Sasa jumlisha vigawo vya 28 vilivyo vidogo kuliko yenyewe: 1, 2, 4, 7 na 14. Jumla ni 28 ile ile! Namba ya namna hiyo huitwa kamilifu, na Euklide alithibitisha zamani kwamba kila namba tasa ya umbo hili huzaa kamilifu. Tasa gani huyu?

Oktoba 2024 ilitangazwa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi hapo, iliyogunduliwa na Mmarekani Luke Durant: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Mwana wake kamilifu ana zaidi ya milioni 82.

Kipeo lazima kiwe tasa, lakini hilo pekee halitoshi. Jaribuni 11: jibu ni 2,047, yaani 23 mara 89.