TEKNOLOJIA: Namna ya kupima kikomo cha faili za muda katika RAM ya Linux

WATUMIAJI wa mfumo endeshi wa Debian waliohamia toleo la 13, lililotolewa Agosti 2025, huenda hawajatambua kwamba faili zao za muda zimehama makao.

Folda ya /tmp, ambamo programu huweka vitu vya kupita, haikai tena katika diski. Sasa inakaa katika kumbukumbu ya RAM, isipokuwa pale ambapo msimamizi wa tarakilishi alikuwa ameitengea mahali pengine.

Hatua hiyo ina manufaa. RAM husoma na kuandika kwa kasi kubwa kuliko diski yoyote, na diski nazo hupunguziwa kazi ya kuandika vitu ambavyo vitafutwa baada ya dakika chache.

Hata hivyo, RAM ni haba kuliko diski. Aidha, umeme ukikatika au tarakilishi ikizimwa, kila kilichokuwamo hutoweka. Kwa sababu hiyo, swali la ni kiasi gani cha RAM kiachiwe faili za muda si la wataalamu peke yao, bali linamhusu kila mwenye tarakilishi ya Linux, hasa yenye RAM ya gigabaiti 4 au 8.

Utaratibu unaowezesha jambo hili unaitwa tmpfs. Si mgeni: umo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 2.4 la Januari 2001, na mfumo wa Fedora uliutumia kwa folda ya /tmp kuanzia toleo lake la 18 mwaka wa 2013.

Kikomo si akiba

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kudhani kwamba ukiandika ukubwa wa gigabaiti 2, basi gigabaiti 2 za RAM zimefungiwa kabatini na haziwezi kutumiwa na programu nyingine.

Sivyo. Ukubwa huo ni kikomo tu. Folda ikiwa tupu, haitumii takriban chochote. Ikiwekwa faili ya megabaiti 300, hutumia megabaiti 300, na faili hiyo ikifutwa, RAM hurudishwa kwa matumizi mengine.

Mfano wake ni mwenye duka mtaani anayemruhusu mteja kukopa hadi shilingi 2,000. Kutaja kiwango hicho hakuondoi bidhaa hata moja rafuni. Bidhaa huondoka mteja anapozichukua.

Lakini mwenye duka akiwaahidi wateja wengi kuliko bidhaa alizo nazo, siku watakapokuja wote pamoja atafunga duka. Ndivyo ilivyo katika Linux. Msimamizi asipotaja kiwango, tmpfs hujiwekea kikomo cha nusu ya RAM yote. Folda ya /dev/shm, ambayo programu huitumia kupashana data, kwa kawaida ina nusu yake, na /tmp ya Debian 13 nayo ina nusu. Zote mbili zikijaa, hakuna RAM inayosalia kwa programu zenyewe.

Hatari za pande mbili

RAM inapoanza kuisha, Linux huhamishia sehemu ya faili hizo katika eneo la diski liitwalo swap. Hapo tarakilishi huanza kujikokota, na ile kasi iliyotafutwa hupotea.

Ikiwa eneo hilo halipo au limejaa, kiini cha Linux huchagua programu moja na kuiua ili kupata nafasi. Mara nyingi huangukia ile inayotumia RAM nyingi, kama vile kivinjari au hifadhidata ya ofisi.

Tatizo ni kwamba faili zilizo katika tmpfs si programu. Haziuawi. Programu isiyo na hatia huondolewa huku mzigo uliosababisha dhiki ukibaki palepale. Maelezo rasmi ya kiini cha Linux yanaonya kwamba tmpfs ikipewa ukubwa kupita kiasi, tarakilishi inaweza kukwama kabisa.

Kwa upande mwingine, kikomo kikiwa kidogo mno, kazi hukatika katikati. Mtumiaji anayefungua kifurushi kikubwa au kuhariri video huambiwa kwamba nafasi imekwisha, ilhali diski yake ina mamia ya gigabaiti tupu. Asiyejua kwamba /tmp haiko katika diski atahangaika kufuta picha na nyimbo zake bure.

Hatua ya kwanza ni kupima

Kabla ya kubadilisha chochote, inafaa kujua hali ilivyo. Amri mbili zinatosha:

df -h /tmp
free -h

Ya kwanza huonyesha kikomo cha /tmp na kiasi kilichotumika. Ya pili huonyesha RAM. Katika jibu lake, safu ya kutazamwa ni ile yenye kichwa available, yaani kiasi ambacho programu mpya zinaweza kupata bila kusababisha dhiki.

Upimaji huu ufanywe wakati wa kazi nyingi, si asubuhi tarakilishi inapowashwa. Tuseme tarakilishi ina gigabaiti 4, na katika saa ya pilkapilka safu hiyo inaonyesha gigabaiti 1.5. Kikomo cha gigabaiti 2 kilichowekwa kwa kawaida kimezidi uwezo. Gigabaiti 1, au asilimia 25 ya RAM, ni salama zaidi.

Kubadilisha kikomo

Kikomo kinaweza kubadilishwa papo hapo, bila kuizima tarakilishi wala kupoteza faili zilizomo. Kazi hii huhitaji mamlaka ya msimamizi:

sudo mount -o remount,size=1G /tmp

Ikiwa faili zilizomo tayari zimezidi kiwango kipya, Linux hukataa amri hiyo badala ya kuzifuta.

Badiliko hilo hudumu hadi tarakilishi itakapozimwa. Ili lidumu daima, mstari ufuatao huongezwa katika faili ya /etc/fstab:

tmpfs /tmp tmpfs size=25%,mode=1777,nosuid,nodev 0 0

Kutumia asilimia kuna faida yake: RAM ikiongezwa, kikomo nacho hupanda. Nambari 1777 huwaruhusu watumiaji wote kuandika katika folda hiyo, lakini humzuia mmoja kufuta faili za mwenzake.

Yapo mambo mawili ya kuchunga. Kwanza, kuandika size=0 hakumaanishi kwamba hakuna nafasi. Maana yake ni kwamba hakuna kikomo, na mtumiaji yeyote anaweza kuimaliza RAM yote. Pili, kuna kikomo kingine cha idadi ya faili, kiitwacho nr_inodes. Faili ndogondogo zikiwa nyingi mno, folda inaweza kukataa faili mpya ingawa nafasi ipo. Amri ya df -i /tmp huonyesha hali hiyo.

Faili kubwa na kazi ya thamani

Si lazima kila kitu kipitie RAM. Folda ya /var/tmp hubaki katika diski, na yaliyomo hayapotei tarakilishi inapozimwa. Programu nyingi hukubali kuelekezwa huko kwa kuandika TMPDIR=/var/tmp mbele ya amri ya kuzianzisha. Kwa mwenye kazi moja kubwa kwa wiki, njia hii ni bora kuliko kupandisha kikomo cha /tmp mwaka mzima.

Anayeona kwamba RAM yake haitoshi kabisa anaweza kurudi katika utaratibu wa zamani. Katika Debian 13 hufanya hivyo kwa amri ya sudo systemctl mask tmp.mount, kisha huiwasha tarakilishi upya.

Lililo muhimu kuliko yote ni kutohifadhi katika /tmp kitu ambacho mtu hataki kukipoteza. Mwanafunzi aliyepakua tasnifu yake humo, au karani aliyeweka humo hesabu za mwezi, hatakuwa na diski ya kupekua baada ya umeme kukatika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kuhusu ukubwa wenyewe, hakuna nambari moja inayofaa tarakilishi zote. Seva yenye gigabaiti 64 inaweza kuiachia /tmp gigabaiti 16 bila kuhisi, ilhali kipakatalishi cha gigabaiti 4 kitalemewa na 2. Wahenga walinena kwamba mtu hujikuna ajipatapo, na msimamizi wa tarakilishi hana budi kupima kwanza mkono wake unafika wapi.