Je, Wajua Pikipiki Imeundwa Ikijua Itaanguka?

Pikipiki iliyoegeshwa inasimama kwa vitu vitatu tu: magurudumu mawili na stendi ya pembeni. Unganisha pale vinapogusa ardhi, utapata pembetatu nyembamba. Pikipiki nyingi za bodaboda zina kilo 110 hadi 130, na hazianguki mradi uzito huo unashukia ndani ya pembetatu hiyo. Jua la saa nane likilainisha lami, stendi inazama polepole, pikipiki inazidi kuinamia kushoto, na mwenyewe yuko zake kibandani anakunywa chai. Au kaiegesha imetazama mteremko bila kuiweka gia: inajisogeza mbele kidogo, stendi inajikunja kurudi nyuma, basi. Kuangukia kulia ni nadra zaidi, maana lazima kwanza isukumwe mpaka isimame wima ndipo ipitilize. Watoto wanaoipanda kucheza huliweza hilo bila taabu.

Waundaji wanayajua haya tangu zamani. Ndiyo sababu ncha ya usukani, mkono wa klachi, kikanyagio na indiketa hutokeza nje kuliko tanki. Hivyo ndivyo vinavyotangulia chini, na vyote ni rahisi kubadilisha. Indiketa nyingi zimeshikwa na shina la mpira linalopinda badala ya kuvunjika. Kile kidude cha mviringo kwenye ncha ya mkono wa klachi kipo ili chuma kisimchome mtu, na mikono mingine ina mkato mdogo karibu na ncha: ikigonga chini inakatikia hapo, na kipande kinachobaki kinatosha kumfikisha dereva nyumbani. Yamaha wao wamekipa kioo cha kulia skrubu inayofunguka kinyume na kawaida, ili kikigongwa kwa mbele kijilegeze. Fundi asiyelijua hilo huongeza nguvu kwenye spana akidhani anafungua, mpaka skrubu inakatika.

Ikishaanguka, macho yote hukimbilia tanki, na hapo ndipo tunapokosea mpangilio. Pikipiki ya kabureta ikilala humwaga petroli, kwa hiyo iinuliwe kwanza na sigara zikae mbali. Batri ya asidi ya maji nayo huvuja kupitia bomba lake la hewa, na asidi hiyo itaharibu fremu na kromu kuliko mkwaruzo wowote. Mwagia maji mengi. Oili huweza kupanda hadi kwenye chujio la hewa, basi subiri dakika chache kabla ya kuwasha, na moshi wa mwanzo usikutishe. Zile za kisasa zenye mfumo wa kuingiza mafuta kwa umeme nyingi zina kihisio cha kuinama kinachozima injini. Zitagoma kuwaka mpaka uzime swichi na kuifungua upya, na wapo waliokwisha kuzikokota hadi gereji kwa ajili hiyo tu.

Kisha tazama mguu wa gia. Ukiwa umesukumwa ndani hadi unakaribia kifuniko cha injini, gia zitakuwa ngumu. Usukani ukionekana umekwenda upande, mara nyingi ni shoki za mbele zimejizungusha kidogo kwenye vishikio vyake; nati zinalegezwa, gurudumu linabanwa kati ya magoti, usukani unarudishwa, nati zinakazwa tena. Mkono wa klachi uliopinda kidogo mimi ningeuacha. Aluminiamu iliyomiminwa kwenye kalibu huvumilia kupinda mara moja. Kuinyoosha ikiwa baridi ndiko kunakoivunja.

Sasa rangi. Juu ya bati kuna praima, juu yake rangi, na juu kabisa klia, ambayo kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50, chini ya unywele wa kichwa. Lowesha mkwaruzo kwa maji. Ukipotea, na kurudi maji yakikauka, umeishia kwenye klia. Weupe unaouona pale si rangi iliyotoka, ni mwanga unaotawanyika kwenye kingo za mfereji. Maji hupinda mwanga kwa kiasi kinachoikaribia klia kuliko hewa inavyofanya, ndiyo maana yakijaza mfereji jicho halioni kitu. Dawa ya kung'arisha haizibi mfereji huo, inakwangua kingo zake mpaka zilainike. Lakini pitisha ukucha: ukikwama, usisugue, utaimaliza klia iliyobaki. Na ukiliona bati jeupe, lizibe kwa rangi siku hiyohiyo, hasa ukiwa Mombasa, Tanga au Unguja, kwa kuwa hewa ya chumvi haingoji mwisho wa mwezi.

Tanki lililobonyea ni habari nyingine. Bati likishavuka kiwango chake cha kujirudisha, maji ya moto na barafu haviwezi kulirudisha; hufaa pale tu lilipobonyea bila kukunjika. Mafundi hugundisha kishikio kwa gundi na kulivuta taratibu. Wa kuogopwa ni yule anayetaka kulichomelea tanki lililokaa bila petroli, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka kuliko petroli yenyewe.

Plastiki ngumu ya pembeni ikipinda huota doa jeupe bila kupasuka. Ndani yake kuna chembe za mpira, na ikivutwa vinatokea vitundu vidogo mno vinavyotawanya mwanga; hewa ya moto kiasi huweza kulififisha doa hilo. Ikipasuka, fundi huitoboa kandokando ya ufa na kuishona kwa waya, kama kibuyu kilichopasuka kinavyoshonwa, kisha akayeyusha plastiki juu ya mshono.

Mnunuzi mjanja husoma mikwaruzo hii kabla hajauliza bei. Pikipiki iliyoanguka imesimama huwa na alama fupi zisizo na mwelekeo: ncha ya usukani, kikanyagio, labda kioo. Iliyoburuzika barabarani ina mistari mirefu inayoelekea nyuma, yote sambamba, hadi kwenye kifuniko cha injini. Na ukiambiwa haijawahi kuanguka, huku mkono wa klachi na mpira wa usukani upande wa kushoto ni vipya na vya kulia vimechakaa, shusha bei.