Rendia wa Nordfjella na Ugonjwa Usio na Dawa

Machi 2016, kwenye milima ya Nordfjella kusini mwa Norwei, watafiti walikuwa wakiwavisha rendia wa porini mikanda ya kufuatilia nyendo zao. Jike mmoja akaonekana mgonjwa, akafa. Maabara ikagundua maradhi ambayo hayakuwahi kuonekana Ulaya: ugonjwa wa kukonda wa jamii ya ayala. Marekani dalili zake zilionekana tangu 1967, kwa ayala waliofugwa kwa utafiti huko Colorado.

Hausababishwi na bakteria wala virusi, bali na prioni: protini ya mwili iliyojikunja vibaya, ambayo huzipotosha nyingine zinazokutana nayo. Ubongo hutoboka vitundu kama sifongo. Mnyama anaweza kuonekana mzima zaidi ya mwaka, huku mate, mkojo na kinyesi chake vikieneza prioni. Kisha hukonda, hutokwa udenda, hufa. Hata mzoga ukishaoza, prioni hubaki udongoni kwa miaka.

Chanjo hakuna, tiba hakuna. Kinga iliyobaki ni kuwazuia wanyama wasirundikane mahali pamoja na mabaki yao yasisambaze prioni. Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani yamepiga marufuku kuwawekea ayala chakula, na hukataza wawindaji kusafirisha vichwa na uti wa mgongo kutoka maeneo yenye ugonjwa. Nordfjella, mashaka yaliangukia mawe ya chumvi ambayo wafugaji huwawekea kondoo malishoni. Rendia nao huyafuata kuyalamba.

Serikali ikaamua kundi lote liuawe. Kufikia 2018 rendia zaidi ya 2,000 walikuwa wameuawa. Waliokutwa na ugonjwa ni 19 tu. Ukatili? Sidhani. Kipimo cha kutegemewa hufanywa kwenye ubongo na tezi za mnyama aliyekwisha kufa, kwa hiyo kuwachambua wagonjwa wangali wakikimbia milimani haikuwezekana. Kusubiri kungeuacha udongo uchafuke zaidi.

Hata hivyo, mwaka 2020 ugonjwa ulijitokeza jirani, Hardangervidda, kwenye kundi kubwa kuliko yote nchini humo. Safari hii hawakuwaua wote.

Hakuna binadamu anayejulikana kuambukizwa, lakini wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama mgonjwa isiliwe, na kupika hakuharibu prioni. Msomaji uliye Wisconsin au Colorado, ambako ugonjwa huu upo, ukigawiwa nyama ya ayala, uliza kwanza kama mnyama huyo alipimwa.