Upungufu wa floti: nani abebe hasara?

Katika mitaa ya Kongo, Msimbazi na Aggrey, biashara ya jumla haiendi siku moja bila wakala wa fedha za simu. Mfanyabiashara anayetoka mkoani kufungasha mzigo Kariakoo hana haja ya kusafiri na maburungutu ya noti; huja na salio katika simu na kutoa fedha hatua chache kutoka duka analonunua. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, Tigo Pesa ikafuata mwaka 2010, na tangu hapo kibanda cha wakala kimegeuka kuwa benki ya mtaa.

Hata hivyo, mapato na hatari za biashara hii havigawanywi sawa. Kampuni ya simu ndiyo hupanga ada ya mteja na kamisheni ya wakala. Wakala huleta mtaji, yaani fedha taslimu na floti, na hulipa pango. Noti bandia, wizi na fedha iliyotumwa namba isiyo yake ni juu yake. Kwa kuwa si mwajiriwa wa kampuni, hana mshahara, likizo wala mafao kutoka kwake.

Hali hiyo ilionekana wazi Julai 2021, Serikali ilipoanza kukata tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Wateja wengi walirudi kwenye fedha taslimu na kamisheni za mawakala zikapungua. Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, lakini pango la miezi hiyo lilikuwa limekwishalipwa kutoka mfukoni mwa wakala.

Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza kwa umma asilimia 25 ya hisa zake, kwa shilingi 850 kila moja, ili kutimiza matakwa ya sheria, na kukusanya shilingi bilioni 476. Wakala aliruhusiwa kununua kama mwananchi mwingine yeyote. Tatizo lake ni kwamba mtaji uliofungwa katika floti hauwezi wakati huohuo kununua hisa.

Malalamiko ya mawakala, basi, yana msingi. Lakini wengi wao hawakai kibandani wenyewe. Huweka mhudumu, mara nyingi msichana, ambaye hushinda hapo kutwa nzima na jioni hufunga hesabu. Zikipungua, hukatwa mshahara wote, na pengine huambiwa aende nyumbani. Hivyo hatari iliyoshushwa na kampuni kwa wakala hushushwa tena kwa mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote.

Wenye vibanda wafahamu kwamba hapa sheria ipo. Mhudumu ni mwajiriwa wao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu kukata mshahara kufidia hasara endapo tu hasara ilitokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, ameelezwa kwa maandishi chanzo na kiasi chake, amepewa nafasi ya kujitetea na amekubali makato kwa maandishi. Makato hayo hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara.

Tuchukue mfano. Mhudumu analipwa shilingi 240,000 kwa mwezi, na upungufu ni 180,000. Hata kosa likithibitika kuwa lake, anaweza kukatwa 60,000 kwa mwezi, kwa miezi mitatu.

Kwa mwenye kibanda, njia nafuu ni kuzuia. Aandike mkataba, ahesabu taslimu na floti pamoja na mhudumu asubuhi na jioni, aweke kikomo cha fedha zinazokaa kibandani, na atenge sehemu ya kamisheni kila mwezi kwa ajili ya hasara. Mhudumu anayejua hatalipishwa kosa la mwingine hutoa taarifa mapema, fedha ikiwa bado inaweza kuzuiwa. Anayeogopa huficha, na mwenye mtaji hugundua mwisho wa mwezi.